Gurudumu la Gunia

Karakana ya sonara ilikuwa nyuma ya duka, na mota ya kung'arishia ilifungwa juu ya meza iliyokaribiana na dirisha lisilofunguka. Kwenye mhimili wa mota hiyo lilikaa gurudumu moja la pamba, duara za kitambaa zilizoshonwa pamoja. Mng'arishaji, mama wa watoto watatu, aliligusisha dawa nyekundu ya kung'arishia, akalisogezea bangili ya fedha mpaka ikawaka. Alipoiweka chini bangili, alichukua akiki, jiwe la pete, akalisugua kwa gurudumu lilelile.

Hivyo sivyo inavyotakiwa. Fedha ina gurudumu lake la pamba. Jiwe lina lake la sufu iliyogandamizwa au la ngozi, nalo hulowanishwa ili vumbi lisiruke. Tena gurudumu lililokwisha kuonja dawa moja halionjeshwi nyingine. Mng'arishaji alilijua hilo, na fundi wa mawe, ambaye wote walimwita Kokoto, alilijua vilevile. Walikuwa wamekwisha kumwomba sonara magurudumu mengine na barakoa.

“Mbona vitu vinang'aa?” aliwajibu sonara.

Vitu viling'aa kweli. Na kwa kuwa vumbi la fedha na vumbi la mawe viliruka pamoja na kumpiga usoni mchana kutwa, msimu wa mvua ulipokwisha mng'arishaji naye alikuwa ameng'aa. Mng'ao ulianzia kidevuni, ukapanda mashavuni, ukamalizikia kwenye paji la uso. Aliona, alikula na kupiga chafya kama kawaida, lakini aliyemtazama hakumwona yeye. Alijiona mwenyewe, hadi uzi ulioganda kwenye ukosi.

Nyumbani, mume wake alinyolea ndevu mbele yake.

“Inua kichwa kidogo, mke wangu,” alisema, na alipomaliza alishukuru.

Mama mkwe, ambaye tangu siku ya posa hakuwahi kumsifu, alimtazama kwa muda mrefu, akatengeneza mtandio wake, akasema, “Leo umependeza, mkwe wangu.”

Sonara naye hakuchelewa. Kioo cha dukani kilikuwa kimepasuka, akaona hakuna haja ya kununua kingine. Alimhamishia mng'arishaji mbele, akamkalisha kwenye kigoda kando ya kabati la mikufu.

“Ni kazi ya kukaa tu, mama. Utapumzisha mikono.”

Kwenye mota aliwekwa mwanamke mwingine, mjane mwenye wajukuu, akakabidhiwa gurudumu lilelile la pamba.

Aliyepata tabu ni kitindamimba wa mng'arishaji. Binti huyo alikuwa darasa la kwanza, na tangu akiwa mchanga alizoea kuusoma uso wa mama yake kabla ya kuomba chochote.

“Mama, umekasirika?”

“Hapana.”

“Mbona umenuna?”

“Huyo ni wewe, mwanangu.”

Mwalimu alipowaambia watoto wachore mama zao, binti alijichora mwenyewe akiwa amejifunga kilemba. Mama yake akamshika mkono, akampeleka mbele ya picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni. Mtoto akaitazama kwa adabu.

“Baba namjua,” alisema. “Bibi harusi simjui.”

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, mng'arishaji aliingia karakana na kumweleza Kokoto kwamba anataka kufifishwa.

“Kwanza tujue wewe ni fedha au ni jiwe, dada,” alisema Kokoto. Alimgonga shavuni kwa ukucha, akatega sikio. “Juu fedha. Chini jiwe.”

“Inatoka?”

“Kilichong'arishwa hufifishwa. Kazi ni kulipata gurudumu.”

Kokoto aliazima magurudumu kwa fundi wa mtaa wa pili. La sufu liliuongezea uso kina, hata saa ya ukutani nyuma ya Kokoto ikasomeka humo. La ngozi lilileta mng'ao laini ambao Kokoto alikiri hajawahi kuufikia katika kazi yake yote, kisha akaomba radhi. La brashi ya waya lilichora mikwaruzo mizuri, ya kutia moyo, lakini walipomaliza kunywa chai ilikuwa imejifuta.

“Anazidi kupendeza tu,” alisema yule mjane kutoka kwenye mota, bila kugeuka.

“Hapo ndipo tunapokosea,” alijibu Kokoto. “Haya yote yalitengenezwa ya kupendezesha. Tutafute lisilojua kupendezesha mtu.”

Akaenda mlangoni, akaokota gunia la katani ambalo watu walifutia miguu. Alilikata duara kadhaa, akazishona kwa uzi wa viatu, hakulikung'uta mchanga. Mjane alimpisha. Gurudumu la gunia lilipozunguka lilinguruma kama mtu mwenye mafua, na lilipomgusa mng'arishaji shavu la kushoto, mng'ao uliondoka vipandevipande kama ukoko wa sufuria. Ngozi ikatokea: vinyweleo, kovu dogo la chunusi, jasho.

“Inauma?”

“Endelea, kaka.”

Walikuwa wamefikia ukubwa wa kiganja cha mtoto sonara alipoingia. Alikuwa amesikia mota ikibadilisha sauti. Aliizima.

“Mota si ya mambo ya nyumbani,” alisema.

Alilifungua gurudumu la gunia, akalirudisha mlangoni, akafutia miguu, akarudi dukani.

Jioni binti aliliona shavu mara tu mama yake alipovua viatu. Alipanda juu ya stuli, akaweka kiganja pale. Kilienea sawasawa. Kisha akakiondoa, akasogea karibu, akasoma taratibu kama anayesoma ubao.

“Umechoka, mama.”

“Kidogo.”

“Umechoka sana,” alisema mtoto, akaenda kumletea maji.

Asubuhi sonara alimzunguka mng'arishaji akilikagua lile alilokuwa akiliita doa. Hakugomba. Alikigeuza kigoda mpaka shavu la kushoto likaelekea ukutani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akajitazama, akaridhika.

Tangu siku hiyo binti akitoka shule hupenya kati ya kigoda na ukuta, mahali panapomtosha yeye na mkoba wake, akafanya hesabu zake huku akiinua macho mara kwa mara. Mlango wa karakana huwa wazi. Kutoka pale mtoto humwona mjane kwenye mota, gurudumu la pamba likizunguka, na kidevu chake ambacho sasa kinamwonyesha dirisha.

Siku moja mteja alikuwa akijaribu hereni. Binti aliona kitu kwenye shavu la mama yake, akauliza kwa sauti ya chini, “Unacheka nini?” na mama akatikisika.

“Mwambieni mtoto asikitikise kioo,” alisema mteja.

“Samahani, mama,” alisema sonara.

Mng'arishaji akatulia, mpaka mteja alipomaliza kufunga hereni ya pili.