Rafu ya Katikati

"Friji hili ni zima," alisema fundi, akausukuma mlango kwa goti ukafungika. "Wagonjwa ni nyinyi."

Wake wa ndugu watatu, waliokuwa wamejipanga ukutani kama watu wanaongoja majibu ya mtihani, wakatazamana. Mama mkwe wao, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akaacha kujipepea.

"Unasemaje wewe?" aliuliza mkwe mkubwa.

"Hivyo hivyo ulivyosikia, dada."

Watu walimwita fundi huyu Barafu, na jina hilo halikutokana na kazi yake peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na bisibisi mbili mfukoni. Kwa miaka kumi na minane amekuwa akilala ubavu nyuma ya mafriji ya watu, na kila nyumba ameijua kwa harufu ya kwanza mlango unapofunguka. Hapa alikwisha kubana kipande cha karatasi kwenye mpira wa mlango na kukivuta, kikang'ang'ania: mpira haukulegea. Kompresa ilinguruma bila kukohoa. Gesi tele. Mafundi wawili waliomtangulia waliongeza gesi, wakapokea chai, wakaenda zao. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje maziwa ya mlangoni yanachacha huku nyanya za nyuma zimekuwa mawe.

"Mama yetu anaumwa," alisema mkwe wa kati. "Hatuna muda wa mizaha."

Hilo Barafu alilijua. Fundi huelezwa mambo ambayo hata jirani haelezwi. Hakuwa amemaliza hata kufungua mfuko wake wa vyombo kabla hajaambiwa kwamba sukari ya mama imepanda kwa wiki ya tatu sasa, haishuki. Anayemdunga sindano ni mkwe mdogo, binti mwembamba aliyesimama pale mwisho, karibu na sinki, akiangalia vidole vya miguu yake. Ameonywa. Amesemwa. Na kesho asubuhi mama anahamishiwa kwa binti yake, mbali, akatunzwe na mtu "anayejua kushika sindano". Mabegi mawili yalikuwa tayari ukumbini, zipu zimefungwa.

"Insulini inakaa wapi?" Barafu aliuliza.

"Rafu ya katikati," alijibu mkwe mdogo, sauti yake kama ya mtu aliye mahakamani. "Ndani ya kopo la biskuti. Nyuma kabisa."

"Kwa nini nyuma kabisa?"

Barafu akaufungua tena mlango wa friji. Mkwe mdogo akatazama sufuria kubwa yenye utepe mwekundu, iliyoijaza rafu hiyo.

Ndipo Barafu akaielewa nyumba. Vyombo vyote mle ndani vilikuwa na tepe: nyekundu za mkwe mkubwa, bluu za wa kati, njano za mdogo. Mama mwenyewe ndiye aliyeweka sheria hiyo, siku wakwe zake walipogombania kipande cha samaki mpaka majirani wakachungulia: cha mwenzio hakiguswi. Basi hakikuguswa. Kiliachwa kikaota ukungu kwa heshima zote.

"Tandikeni kitambaa mezani," alisema Barafu.

"Cha nini?"

"Nataka kuliona friji. Mpaka sasa nimeona mizigo tu."

Akaanza kutoa. Nusu kabichi ya utepe mwekundu, nusu kabichi ya bluu, nusu kabichi ya njano. Makopo manne ya nyanya yaliyofunguliwa, kila moja limeliwa vijiko viwili. Ndoo za aiskrimu ambazo hazikuwa na aiskrimu: maharage, wali, maharage tena, na kitu ambacho wote watatu walikikana. Mkwe wa kati akacheka, kisha akaona karoti zake mwenyewe zimelainika kama kamba, akanyamaza.

"Baridi ni hewa," Barafu alisema huku mikono yake ikiendelea. "Inataka njia. Mmeiziba kila mahali, imebanwa kule nyuma. Maziwa yakachacha. Mkafanya nini?"

"Tukaongeza namba ya baridi," alisema mkwe wa kati. "Mpaka saba."

"Mpaka saba! Basi mbele joto, nyuma barafu. Sasa tuone sufuria hii."

"Hiyo iache," alisema mkwe mkubwa haraka mno.

Barafu alikwisha kuinua mfuniko. Juu kulikuwa na majani ya kabichi yaliyopangwa vizuri, kama shuka kitandani. Akayafunua. Chini yake alilala kuku mzima, wa kijani kibichi mgongoni, na harufu yake ikatoka bila kubisha hodi.

"Ala!" alisema mkwe wa kati, ameziba pua. "Si ulisema mwezi huu nyama hatuijui?"

"Nilikuwa na wageni. Hawakuja."

"Na sisi si watu?"

"Nyamazeni," alisema mama.

Barafu hakuwa na haja na kuku. Aliiweka sufuria chini, akaingiza mkono mpaka kwapani, akatoka na kopo la biskuti. Upande wake mmoja ulikuwa na ganda jeupe la barafu, lililochukua umbo la ukuta wa friji. Ndani, vichupa vinne. Viwili vilikuwa vimeganda kabisa. Alikiinua cha tatu kwenye mwanga wa dirisha.

"Njoo, mdogo wangu. Unaona nini?"

"Vipunje," alisema mkwe mdogo.

"Uliwahi kuviona kabla?"

"Wiki ya kwanza. Nikasema. Dada akaniambia natafuta kisingizio."

"Na kopo hukulisogeza?"

"Mpaka nitoe sufuria ya dada. Nilikuwa napenyeza mkono tu."

Barafu akakiweka kichupa mapajani mwa mama mkwe, taratibu. "Mafriji ya duka la dawa pale njia panda nayatengeneza mimi, mama. Nimemsikia muuza dawa akiwaambia watu mara mia: insulini ikiganda, itupe, hata ikiyeyuka. Mtumeni mtu akamuulize. Mikono ya mtoto huyu haina kosa. Alikuwa anakudunga maji."

Mkwe mdogo alikwenda mwenyewe, mbio, kandambili zikipiga ngazi. Aliporudi na kichupa kipya kwenye chupa ya chai iliyojaa vipande vya barafu na taulo katikati, friji lilikuwa jingine. Nyama mbichi chini kabisa. Mboga zote sandukuni, kabichi zimekuwa ukoo mmoja. Rafu ya katikati, mbele, usawa wa macho: cha kuliwa leo, na kando yake kopo la mama, mbali na ukuta. Namba imerudi tatu. Tepe zote, nyekundu, bluu na njano, Barafu alikuwa amezibandua na kuzifinyanga donge moja, kubwa kama limau.

Mama alikunja mkono wa gauni lake mwenyewe.

"Nidunge," alimwambia mkwe mdogo. Halafu, bila kumtazama mtu: "Na yale mabegi, aliyeyafunga akayafungue."

Mkwe wa kati akatoka kwenda ukumbini. Mkwe mkubwa hakusogea. Alikuwa bado ameshika mfuniko wa sufuria kama ngao.

"Mama, huyu tumemwita atengeneze friji. Hakuitwa kunivua nguo mbele ya wenzangu. Aniombe radhi. Vinginevyo mtaa huu mzima hakuna atakayemwita tena, nitahakikisha."

Zipu ya begi la kwanza ilisikika ikifunguka ukumbini. Mama akamgeukia fundi.

"Mwanangu," alimwambia Barafu, kwa upole, "wewe ni mtu mzima. Sema neno moja tu, yaishe."

Barafu alifuta bisibisi zake kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, akazirudisha mfukoni. Alimheshimu mzee huyu. Alimtazama usoni alipojibu.

"Ningekuwa nimekuvunjia sahani, mama, ningepiga magoti. Kwa hili, siombi."