Vifungo vya Upande wa Pili

Karani wa maktaba ya jeshi alimwazima fundi cherehani picha kumi na mbili. "Kesho asubuhi zirudi," akamwambia, "usije ukaniponza." Fundi akazifunga kwenye kitambaa, akaenda nazo mbio kwa mama yake.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikwisha kuziba, la kulia lilikuwa njiani. Kabla halijaziba, alitaka jambo moja tu: kumwona tena mumewe, aliyekwenda vitani fundi akiwa bado tumboni, asirudi, wala asiache picha hata moja.

Zilikuwa picha za mazoezi ya kikosi chake, kabla ya vita. Vijana wakitambaa matopeni, wakiruka mitaro, wakibeba bunduki za mbao kama watoto wanaocheza. Mama akazipitisha moja moja chini ya lenzi ya kukuzia. Kumi na moja, hola, hayumo. Ya kumi na mbili akakwama.

"Huyu pua ni yake. Hata kusimama kwake, kama anadai njia. Lakini baka liko shavu la kulia. La baba yako lilikuwa kushoto, nilikuwa nalala nikilitazama." Akaisukuma. "Duniani wawili wawili. Rudisha mali ya watu."

Fundi hakuwa mtu wa maneno. Aliichukua picha, akaitazama kwa jicho la kazi yake: mashati. Mara akacheka.

"Unacheka nini, we mtoto?"

"Mama, jeshi zima limevaa blauzi."

"Haya, wazimu huo."

"Tazama vifungo. Shati la kiume, vifungo hukaa kulia kwa mvaaji. Hawa wote kushoto, mpaka afande wao. Fundi gani akosee kikosi kizima? Aliyesafisha picha ndiye aliyegeuza filamu, kulia kukawa kushoto."

Akaleta kioo cha wateja kutoka chumba cha kushonea, akakiegemeza mezani. "Iweke shavuni, itazame kiooni."

Mama akaiweka. Vifungo vikahamia kulia. Baka likahamia kushoto.

"Ndiye," mama akasema. Akakisogelea kioo. "Kumbe alikuwa mtoto hivi!"

Kiooni walikaa shavu kwa shavu, kijana na mwanamke wa mvi. Fundi alisimama nyuma, mikono kifuani, kama aliyekuta wageni wanazungumza.

"Sogea," mama akamwambia. "Acha haya zako. Baba yako hajakuona."