Dada wa Sura ya Tatu

Jumanne, saa tisa alasiri, Telesia alikuwa kwenye kibanda chake Kifanya akichambua viazi, mbegu gunia la kulia, vya kula la kushoto, mdogo wake Efraimu alipoingia na kuketi juu ya kigoda. Efraimu alikuwa amefariki mwaka juzi. Alivaa viatu vile vile alivyozikwa navyo, na vilikuwa na tope, kwa sababu mvua ilinyesha tangu asubuhi.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Pangusa miguu."

Alikuja kila Jumanne. Alipokuwa hai alikuwa profesa maarufu wa falsafa ya lugha, na kitabu chake kilisomwa hadi nchi ambazo Telesia hakuweza kuzitaja. Kilikuwa kigumu, hicho kitabu. Watu walizeeka wakikifasiri, wakanuniana. Sura iliyowagombanisha zaidi ni ya tatu, ile ya kiazi. Inasema kiazi hakina alama ya kuwa mbegu wala chakula. Kinakuwa mbegu kwa sababu ya gunia kinamotupwa na shamba linalokingoja, na maneno nayo ni hivyo hivyo.

Sura hiyo ilikuwa ya Telesia. Aliisema yote kwa Kibena, mgongo umepinda juu ya viazi, Efraimu akiandika kwenye daftari. Yeye aliishia darasa la saba ili mdogo wake aendelee. Kitabuni hakutajwa hata kwenye shukrani. Sasa toleo jipya lilikuwa linatayarishwa, naye alikuwa na miaka sabini na minne na kifua kibovu. Alitaka jina lake liandikwe kwenye sura ile angali na macho ya kulisoma. Hilo tu, na hilo lilimnyima utulivu: anakaa, anasimama, anachungulia barabarani, anakaa tena.

"Wasomi wa kitabu chako wanakutana Alhamisi, Makambako," alisema. "Utakwenda ukaseme mwenyewe."

"Nitasema." Efraimu aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka arobaini ya kusema, na hakusema.

Alhamisi walipanda basi. Utingo alimwandika Efraimu kwenye orodha ya abiria, akamuuliza kama ana mzigo. Wasomi kumi na wawili walikuwa wamekodi ukumbi karibu na stesheni ya reli, maana Makambako ndiko njia zinakokutana, na kila mmoja angeweza kuondoka kivyake akiwa amekasirika. Mwenyekiti, Dokta Nahumu, aliyekuwa mhariri wa toleo jipya, alimpokea marehemu kwa heshima zote na kumvutia kiti. Telesia alionyeshwa chupa za chai. Akaanza kumimina, kwa kuwa hakuna mwingine aliyenyanyuka.

Efraimu alisimama. "Sura ya tatu si yangu. Ni ya dada yangu Telesia, huyu hapa anayemimina chai. Yeye aliisema, mimi niliiandika."

Kalamu zilianza kukimbia. Dokta Nahumu alisema kauli hiyo ni nzito, isichukuliwe juu juu. Profesa alifundisha maisha yake yote kwamba maana haimo kinywani mwa msemaji. Iweje leo wamwamini msemaji? Dokta Erica, ambaye hakuwahi kukubaliana na Nahumu tangu chuoni, alisema dada ni lugha ya mama na chai ni mazungumzo ya kila siku. Mzee mmoja wa nyuma alidhani Telesia ni nchi. Kabla ya chakula cha mchana yalikuwa yamepatikana makundi matatu.

"Ni mtu," alisema Efraimu. "Mguseni."

Wakaliandika na hilo.

Telesia aliiweka chupa chini. "Telesia ni mimi. Niulizeni lolote kuhusu viazi vile."

Dokta Erica alimtazama kwa huruma ya kweli. "Tunakushukuru sana, mama. Ila sisi hapa tunashughulika na maandishi." Kisha akaomba sukari.

Maneno ya marehemu yaliingizwa kwenye muhtasari wa kikao. Ya Telesia hayakuingizwa, kwa kuwa hakuwa kwenye orodha ya waalikwa.

"Nisamehe, dada," Efraimu alisema njiani.

"Ungesema ukiwa hai wangekuita mkweli au mwongo. Sasa wanakufasiri."

Kitabu kilikuja mwezi wa saba, kwa basi, kwenye baridi ile ya Njombe inayouma masikio. Telesia hakuweza kungoja kiletwe Kifanya. Alikwenda stendi na mdogo wake, akakifungua pale pale dirishani pa vifurushi. Sura ya tatu. Jina lake lilikuwepo, chini kabisa, kwenye tanbihi: *Telesia: jina alilobuni mwandishi kuwakilisha msemaji yeyote wa kawaida. Makundi yote matatu yanakubaliana kwamba hakuwahi kuwepo.*

Iliuma, na iliuma pale pale ilipokuwa ikiuma miaka yote.

Karani wa vifurushi alimwomba marehemu asogee pembeni, anaziba dirisha. Kisha akamsukumia Telesia daftari la kusaini. Telesia aliandika jina lake lote, taratibu. Karani alililinganisha na kitambulisho, akautazama uso, akatazama tena picha.

"Ni wewe, bibi," alisema, akamwita anayefuata.