Somo la Kujibu Usichoulizwa

Kuna watu Mungu aliwapa sauti, wengine akawapa la kusema, na ni mara chache vitu hivyo viwili hukutana kwenye koo moja. Kinanda alipewa sauti. Alikuwa ofisa utumishi kwenye kiwanda cha kuchinja na kugandisha kuku, mama wa makamo, mfupi, mwenye mashavu ya kupendeza, na hata akikusomea barua ya kukuachisha kazi unajikuta unamwambia asante dada, ubarikiwe. Ndiyo maana kila amri chungu pale kiwandani ilipitishwa kooni mwake kwanza, kama dawa ya mtoto inavyofichwa kwenye sukari.

Amri ya mwisho ilikuwa ya makreti. Chumba cha baridi kilikuwa na mlango mzito kama dhambi, na mkono wake wa ndani ulikuwa umekatika siku nyingi. Wafanyakazi walilalamika mpaka wakachoka, kisha wakabuni la kwao: ukiingia, unasukuma kreti tupu kwa mguu, unalibananisha mlangoni usije ukajifunga, unafanya kazi yako, unatoka salama. Mkurugenzi siku moja akapita, akaona baridi yake inavujia uani, akasema makreti marufuku, mlango ufungwe. Kinanda akalitangaza hilo kwenye mkusanyiko wa asubuhi, na watu wakaitikia kama kwaya. Kuitikia walikuwa mabingwa. Jioni yake makreti yalikuwa mlangoni kama kawaida.

Isipokuwa kwa Kijiti. Huyu alikuwa kijana mwembamba, ndiyo asili ya jina, na alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Kinanda, mama mdogo yule yule aliyemlea Kinanda tangu alipofiwa na mama yake mzazi. Walikula sahani moja wakachapwa fimbo moja. Kazi ile Kinanda ndiye aliyemtafutia. Basi dada akisema mlango ufungwe, mdogo mtu anafunga, na akigonga wenzake wanamfungulia kwa nje. Jumamosi jioni wenzake wakiwa wameshaoga na kuondoka, aliingia peke yake kupanga mzigo uliobaki. Walimkuta kesho yake, mama yake alipokuja getini kuuliza mbona mtoto hajarudi.

Jumapili hiyo hiyo, nyumba ikiwa imejaa vilio, mama mdogo hakulia. Alimvuta Kinanda kwenye ushoroba wa kwenda jikoni, akamshika mkono.

"Wewe unafanya kazi kule. Mimi sitaki kesi, sitaki kitu cha mtu. Niulizie jambo moja tu. Mwanangu aligonga? Na kama aligonga, kuna mtu alisikia?"

"Nitakuletea jibu, mama."

"Usiniletee pole. Pole ninazo za kutosha mpaka za kugawa. Niletee jibu."

Jumatatu alfajiri Kinanda alianzia kwa mlinzi. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kibanda chake, redio mapajani, imezimwa.

"Nilisikia, dada," akasema, kabla hata hajaulizwa vizuri. "Nilidhani ni mtambo. Si unaujua unavyogongagonga ukichoka? Nikasema leo mtambo umezidi. Kulikuwa na mpira, timu yetu inacheza. Nikaongeza sauti."

"Ulisikia kwa muda gani?"

"Mpaka mpira ukaisha, dada. Ukaisha, na kugonga nako kukaisha."

Kinanda akatoka pale. Alikuwa amelipata jibu, na lilikuwa zito kama sufuria ya maji ya moto: huwezi kulishika, huwezi kulitua. Akajiambia, mchana nitakwenda, nitalisema lote, na la kreti nitalisema. Lakini mkurugenzi alishamtuma mtu kumwita.

Mkurugenzi alikuwa hajanyoa ndevu, jambo ambalo kwake lilihesabika kama msiba.

"Pole sana. Najua ni ndugu yako."

"Asante, bosi."

"Waandishi wa habari wako getini kama nzi. Kesho utazungumza nao kwa niaba yetu."

"Mimi? Bosi, mimi nimefiwa."

"Ndiyo maana," akasema mkurugenzi. "Nikitoka mimi nitapigwa mawe. Wewe ni wa kwao. Na usiwe na hofu, tumekuletea mtaalamu wa kukufundisha."

Mtaalamu alikuwa anangoja kwenye chumba cha mikutano ghorofani, kamera yake imesimama kwa miguu mitatu kama kuku aliyezidishiwa mguu. Alikuwa mwanaume msafi sana, viatu vyake vimechongoka kiasi kwamba vilifika mahali kabla yake, na alikunywa maji ya uvuguvugu tu, kulinda koo. Aliwafundisha kuongea wakubwa wa mabenki, maofisa wa mashirika, hata viongozi wa dini. Mpole huyo! Ukimuuguza mtu ungetaka awe jirani yako.

"Kwanza nieleze kila kitu," akamwambia. "Daktari hafichwi kidonda."

Kinanda akamweleza. Mkono wa mlango, makreti, amri, nani aliitangaza, mlinzi, redio, mpira. Alilia kiasi kwamba leso haikutosha. Yule mkufunzi hakuandika hata neno moja. Alitikisa kichwa taratibu, akamsogezea maji.

"Asante. Umenisaidia sana," akasema. "Sasa hayo yote ndiyo tusiyoyasema."

"Yote?"

"Yote. Nilitaka kujua mashimo yako wapi, tusije tukatumbukia. Simama pale kwenye utepe wa sakafuni."

Wakaanza. Swali likija, mkufunzi alisema, unalipokea kwa mikono miwili, unalishukuru, halafu unavuka daraja unakwenda unakotaka wewe.

"Na aliyeuliza?"

"Unamwacha ng'ambo."

Jumbe zilikuwa tatu: tumeguswa, tunashirikiana na wahusika, usalama wa watu wetu ni jambo la kwanza. Neno baya la mwandishi usilirudie hata kwa kulikana, maana litakatwa na kurushwa likiwa kinywani mwako. Mkono uliokatika haupo, kuna "kifaa kilichokuwa kwenye mpango wa matengenezo." Kijiti hakufa, "ametuacha." Maskini, utadhani alipanda basi. Ndiyo au hapana ni mtego, usiukanyage. Mikono ikutane hapa chini ya kifua. Kidevu kishuke kidogo. Ukinyamaziwa, nyamaza nawe. Mwandishi ananyamaza ili ujimwage mwenyewe.

"Nikitokwa na machozi?"

"Machozi ruksa," akasema mkufunzi. "Kamasi hapana."

Walirudia mpaka jua likahama dirisha. Mkufunzi aligeuka mwandishi mkali, akageuka mwandishi mjanja, akageuka mwandishi mwenye huruma, na huyo wa huruma ndiye mbaya kuliko wote. Kila Kinanda alipoteleza akasema neno "mlango," walianza upya. Kila alipovuka daraja vizuri, mkufunzi alimrudishia picha yake kwenye kioo cha kamera, ajione. Na alipojiona, jamani, alikuwa mzuri. Alikuwa mtu ambaye hata yeye angemwamini. Tena kulikuwa na siri nyingine iliyomshika: kila aliposema yale maneno laini, kifua kilimwachia kidogo. Kreti lilisogea mbali. Mpira ule wa redio ulikuwa unachezwa nchi nyingine. Akayasema tena, na tena, kama mtu anayejikuna.

Alipokuwa anatoka, mama mfagizi aliyekuwa akifuta ngazi alimtazama kwa huruma.

"Dada, umekula lakini?"

"Nakushukuru kwa swali hilo," akajibu Kinanda.

Mama mfagizi akadhani ni utani, akacheka. Kinanda naye akacheka. Hakwenda msibani siku hiyo. Alijiambia kichwa kinamuuma, na kweli kilimuuma.

Jumanne getini vinasa sauti vilimwelekea kama midomo ya vifaranga. Mwandishi mmoja, msichana mwenye sauti iliyokauka, alimuuliza moja kwa moja: mlango ule ulikuwa unafunguka kwa ndani?

Kinanda alikutanisha mikono. Kidevu kikashuka. "Nakushukuru kwa swali hilo. Huyu aliyetuacha alikuwa mdogo wangu, na hakuna anayetaka majibu kuliko mimi. Ninachoweza kuuhakikishia umma ni kwamba tunashirikiana kikamilifu na wahusika, na usalama wa watu wetu ni jambo la kwanza."

"Ndiyo au hapana, mama?"

Chozi moja likashuka, shavu la kushoto, upande wa kamera. Halikupangwa, lakini lingepangwa lisingeshuka vizuri zaidi. Yule msichana akashusha kinasa sauti chake, akasema pole. Ghorofani, nyuma ya pazia, mkurugenzi alimkumbatia mkufunzi.

Basi kazi ya watu ikawa imeisha, ikabaki yake. Mchana ule Kinanda alikwenda msibani kwa miguu, makusudi, apate kulipanga jibu. Njia nzima alilisema kimoyomoyo, fupi, bila mapambo: Aligonga, mama. Mlinzi alisikia, akadhani ni mtambo. Mlango aliufunga kwa sababu nilimwambia mimi. Alilisema mpaka likakaa. Alipovua viatu mlangoni, lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi.

Ndani walikuwa wanawake wa ukoo, wamekaa chini. Mama mdogo alikuwa katikati yao, ameegemea ukuta. Mjomba alisimama karibu na dirisha, simu mkononi.

"Tumekuona," akasema mjomba. "Umependeza."

"Mwache akae kwanza, mjomba," akasema mmoja.

"Akae wapi?" Huyu alikuwa wifi, mke wa kaka yake Kijiti, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo. "Ati 'umma.' Sisi ndio umma siku hizi? Nilidhani sisi ni ndugu, kumbe tumepanda cheo."

Mama mdogo akainua mkono.

"Mwanangu, umeniletea jibu?"

Kinanda alipiga magoti mbele yake. Jibu lilikuwepo. Akafungua mdomo, na mikono yake ikakutana yenyewe chini ya kifua. Kidevu kikashuka. Akaisikia sauti yake ikitoka, tamu, ya pole, haina hata kamasi.

"Nakushukuru kwa swali hilo, mama. Ni swali ambalo mzazi yeyote angeuliza."

Mtu akaguna pembeni. Kinanda alijisikia kama aliyeteleza kwenye ngazi. Akataka kushika ukuta, akashika daraja.

"Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba sote tumeguswa, na..." Akajikata. Akaanza upya. "Mama, nataka nikwambie kwamba wahusika wana... tunashirikiana..."

"Niliiona mikono yake hospitalini," akasema mama mdogo. Hakupaza sauti. "Walimfunika uso vizuri, mikono wakasahau. Kucha hazikuwepo. Kwa hiyo mimi najua, sihitaji kuambiwa na mtu. Nilitaka uniambie wewe. Aligonga, ndiyo au hapana?"

Ndiyo. Neno dogo, mtoto wa miezi analiweza kwa kichwa tu. Kinanda alilitafuta, na kila alipolikaribia alimwona mkufunzi akitikisa kidole kwa upole: usiukanyage.

"Mama, si suala la ndiyo au hapana..."

"Yesu na Maria!" wifi akaruka. "Huyu mmemlisha nini huko kazini?"

Kinanda akanyamaza. Na chumba kizima kikanyamaza naye, na wala hakujimwaga, maana hilo nalo alikuwa amefundishwa.

Mama mdogo alimtazama kama unavyomtazama mtu uliyedhani unamjua, kumbe ulimfananisha. Halafu akageukia jikoni.

"Mleteeni mgeni kiti."

"Mama..."

"Mgeni ametembea juani, amechoka. Mleteeni kiti. Na maji kwenye glasi, si kikombe."

Kiti kikaletwa, cha plastiki, kile wanachokalia maofisa wa serikali na wachungaji. Glasi ikaja juu ya kisahani. Kinanda alitaka kukaa chini na wenzake, akatafuta nafasi, na wanawake, bila kutazamana, wakanyoosha miguu. Akakaa kwenye kiti. Alikuwa juu yao wote, peke yake, magoti yake usawa wa vichwa vyao. Waliendelea na mambo yao: nani atachukua sanda, nani atapika kesho baada ya mazishi. Alizaliwa na mikono miwili ya kupika kama wao, lakini kazi zikagawiwa zikamruka. Mgeni hapikishwi.

Alikunywa maji yale mpaka yakaisha, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Ilikuwa wakati watu wanaanza kuinuka, wengine wameshamsahau, ndipo koo lake lilipofunguka. Sauti iliyotoka haikuwa ile. Ilikuwa imepasuka, mbaya, na kamasi zilimtiririka mpaka mdomoni.

"Aligonga, mama. Aligonga mpaka mpira ukaisha. Mlinzi alisikia. Mlango aliufunga kwa sababu mimi nilimwambia afunge."

Wanawake wakasimama walipokuwa. Wifi akaweka mkono mdomoni, na hilo halikuwahi kuonekana.

Mama mdogo alimtazama kuanzia miguuni mpaka usoni, yale machozi, zile kamasi, mikono iliyoshika glasi tupu. Akamtazama kwa makini, kama mtu anayepima kitambaa asije akauziwa kilichopakwa rangi.

"Na hilo," akauliza, "umefundishwa na nani?"

Kinanda akasema hakuna, mama, hakuna, nakuapia. Akaapa kwa marehemu mama yake. Akaapa kwa Kijiti. Kadiri alivyoapa ndivyo yule mama alivyozidi kurudi nyuma, taratibu, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa chumba cha kulala. Akaufungua, akaingia, akaufunga.

Mjomba alikuja kuichukua glasi. "Utatoka mwenyewe," akamwambia, "au tukusindikize?"