Kura ya Jumapili

Ujumbe uliingia Alhamisi saa kumi jioni, Wacera akiwa katikati ya mahindi na jembe mkononi, na tangu dakika hiyo mama wa watu hakutulia tena. Alitoa simu mfukoni mwa aproni, akaifuta tope kwa upindo wa leso, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa rika lake wanaokataa miwani. Akasoma.

"Mama Muturi jumapili ni kura ya wote baada ya ibada. Tumekaa tukaona hii maneno yako iishe. Wewe usibebe kitu. Usikose. Mama Derrick."

Akasoma tena. Mara ya tatu akaketi pale pale kwenye udongo wenye maji, na sketi yake ya kazi ikalowa, na wala hakujali.

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa elfu mbili na nane, na kama ulikuwa Kitale mwaka ule hutaniuliza kwa nini neno kura lilimkalisha mtu chini. Watu walipiga kura Desemba. Kufika Januari, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walikuwa hawatazamani usoni. Wacera alilala wiki kumi kwenye hema la wakimbizi, na aliporudi alikuta nyumba imesimama na kaburi la mumewe, marehemu Gachanja, halijaguswa, lakini ghala lilikuwa majivu, na mahindi ya mwaka mzima yalikuwa ndani yake. Nani alichoma? Hakuna aliyeona. Moto ulionekana hadi barabara ya Kiminini, lakini majirani wa hatua mia mbili, wote kwa pamoja, hawakuona kitu.

Sasa kanisa lao. Lilikuwa kanisa la mabati, waumini hawafiki sitini, wengi wao Wabukusu, wenyeji wa pale, pamoja na familia chache kutoka mkoa wa kati kama ile ya Wacera. Lilikuwa na desturi yake: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila nyumba ilileta sufuria, benchi zikasukumwa ukutani, wakala meza moja. Na kwenye meza ile Wacera ndiye aliyetamba. Sufuria yake ya mukimo, mahindi na viazi vilivyopondwa pamoja, ilibebwa na watu wawili. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama nyuma yake na mwiko mkononi, akipakua, akiongeza, akigombeza waliochukua kidogo. Vyakula vya wenzake aliviguSa kwa ncha ya kijiko, akasema ameshiba. Nampenda Wacera, lakini ukweli usemwe: kutoa alikujua sana, na kupokea hakukujua kabisa.

Aprili, Jumapili yake ya kwanza baada ya hema, alibeba sufuria kama kawaida. Mahindi aliyanunua sokoni, yeye ambaye hakuwahi kununua mahindi maishani. Watu walipakua ugali, wakapakua mboga, wakafika kwa mukimo, wakainamisha macho, wakapita. Hakuna aliyesema neno baya. Hakuna aliyesema lolote. Alirudi nyumbani na sufuria nzima, akawamwagia ng'ombe, akalia akiwatazama wakila. Tangu siku hiyo alikaa benchi la karibu na mlango, na neema ikishasemwa alikuwa wa kwanza kutoka.

Ndiyo maana yale maneno mawili, usibebe kitu, yalimchoma kuliko kura yenyewe. Hata chakula chake hawakutaka kukiona.

Alimpigia Mama Derrick. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Mama Derrick huyu ni Fridah Nakhungu, mwenyekiti wa akina mama, jirani wa ng'ambo ya ua. Derrick mwenyewe alizaliwa jikoni kwa Wacera, mwaka ambao mvua ilikata barabara na gari la kumpeleka mamake hospitali likakwama. Na leo mtu huyo anamwandikia habari ya kura!

Wacera alijua kura ya kanisa ilivyo. Miaka mitano nyuma walimpigia kura Jairus, aliyekuwa akija ibadani amelewa. Pasta aliuliza, mikono ikainuka, na Jairus akatoka na Biblia kwapani bila mtu wa kumsindikiza hadi barabarani. Wacera naye aliinua mkono siku ile. Sasa alikumbuka mkono wake ulivyokuwa mwepesi, akaona aibu.

"Mathe, si nilikushow?" mwanawe Muturi akamwambia kwenye simu kutoka Thika. "Hao wasee washakuchoka. Nimekupatia room hapa, wewe kuja tu."

"Na babako nimwache na nani?"

Muturi akarudia habari za kile chumba. Alikuwa mtoto mzuri, lakini kaburi haliwezi kuhamia Thika.

Ijumaa Wacera alipalilia mstari mmoja mara mbili na kuuruka wa pili. Alitia chumvi kwenye chai. Alikaa, akasimama, akaenda langoni, akarudi, akasahau alichoendea. Kufika Jumamosi asubuhi alikuwa amechoka kuogopa, na hasira ikachukua zamu. Aliulizia ng'ambo ya ua, akaambiwa Mama Derrick ameenda kwao Bungoma, kwa mamake, Kanduyi. Vema. Atamfuata huko huko, amwambie ana kwa ana.

Saa tano alikuwa Kanduyi, akiulizia nyuma ya uwanja wa michezo. Alimkuta kukhu Phelista, mamake Mama Derrick, peke yake, bibi kizee mwenye macho makali, akichambua karanga mlangoni.

"Fridah hayuko," kukhu akasema. "Ameenda soko, mambo ya hiyo kura yenu. Tangu jana hajarara, huyo mtoto."

 Kumbe habari imefika mpaka Bungoma!

"Kwani wewe ndio nani?"

"Mimi ni Mama Muturi."

"Ati Mama Muturi!" Kukhu aliweka ungo chini, akamshika mikono yote miwili. "Basi ni wewe! Wamesema wataanza na wewe. Hao wengine watafuata nyuma. Kuja ukae, ukunywe chai."

"Asante, kukhu. Nimeshiba."

"Hata karanga?"

"Hata karanga."

Angekaa tu. Angekunywa kikombe kimoja cha chai, Mama Derrick angerudi kutoka sokoni na hadithi hii ingeishia hapo mlangoni. Lakini Wacera na kikombe cha mtu ni mambo mawili yasiyokutana. Aligeuka akarudi Kitale, akiwaza ni nani hao wengine wa kwao watakaofuata kutolewa: wazee wa kwa Nyambu? Yule mjane wa kinu? Kabla jua halijazama alikuwa ameandika barua kwa mkono wake, mistari minne. Yeye, Wacera wa Gachanja, anajitoa mwenyewe katika ushirika huu, asisumbuliwe mtu kuinua mkono. Kama angebaki shambani kwake au angehama, hilo angeliamua baadaye, lakini kutolewa nje kama Jairus, hapana.

Jumapili alivaa gauni lake la harusi za watu na kukaa kwenye benchi lake la mlangoni. Hakubeba kitu. Mikono ilimshinda. Kwa miaka ishirini na miwili haikuwahi kuingia kanisani mitupu, na sasa hakujua pa kuiweka. Mahubiri yalimpita juu. Kilichomfikia ni harufu, kuku wa kienyeji, harufu nzito kutoka jiko la pasta nyuma ya kanisa, na wala haikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, na hasira ikampanda upya. Wanifukuze halafu washerehekee!

Pasta Khisa, ambaye siku za wiki alifundisha darasa la sita, alifunga Biblia. "Wapendwa, kabla hatujasema neema, kila mtu anajua leo kuna nini." Watu wakageuka kumtazama Wacera. Wengine walikuwa wanatabasamu. Wanatabasamu! "Vijana, tusongeshe benchi."

"Pasta, ngoja."

Alikuwa ameshasimama. Akaitoa barua kifuani mwa gauni.

"Nimekura na nyinyi miaka ishirini na mbiri. Nimewapakuria hapa, nimezika na nyinyi, nimezarisha hata watoto wenu. Sijui nimewakosea wapi. Lakini msisumbuke kuinua mikono. Barua ndio hii. Najitoa mwenyewe."

 Benchi lililokuwa hewani, vijana wakaliteremsha polepole. Mama Derrick alitoka mlango wa nyuma na kitambaa cha jikoni begani.

"Unajitoa wapi, Mama Muturi?"

"Hapa! Kabura hamjanipigia hiyo kura!"

"Kura gani?"

"Si wewe uliniandikia?" Akampa pasta simu. Pasta Khisa alisoma ujumbe kimya, kisha kwa sauti, kisha akajikuna kichwa kama mwalimu aliyekutana na jibu la ajabu kwenye daftari.

"Mama Derrick, hapa umeandika kura."

"Ndio. Kura."

"Kura ya kupiga?"

"Woi! Ya kupiga ya nini tena? Kura! Kura ya kukura! Chakura!" Alionyesha mdomo wake kwa vidole vitano, watu wasije wakakosea tena. "Si nilisema ya wote? Tukure sisi wote!"

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikazunguka ukuta hadi ukuta. Mzee Jotham, aliyekuwa karibu na dirisha, alipangusa machozi. "Na yeye mwenyewe si amesema hapa nimekura na nyinyi? Kwa mdomo anajua, kwa simu hajui!"

Mzee alikuwa amesema kweli. Tangu azaliwe, Wacera akitaka kulala alisema anaenda kurara, na chakula kwake kilikuwa chakura tu. Angeusoma ule ujumbe kwa masikio badala ya macho, angeelewa siku ile ile. Lakini hofu ndiyo iliyomsomea.

Wacera hakucheka.

"Na mukimo wangu?" akauliza.

"Mukimo gani?"

"Wa Aprili. Mrinirudishia sufuria nzima."

Kicheko kilikatika. Mzee Jotham akatazama viatu vyake.  Mama Derrick peke yake ndiye aliyesonga mbele, akavua kitambaa begani, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama Muturi, mimi niliwekwa kwa jiko yako nikazaa. Hiyo siku ghara yako iliungua, nilikuwa kwa dirisha. Hao vijana niliwajua kwa sauti. Nikafunga dirisha." Alikisokota kile kitambaa. "Nilifunga dirisha, Mama Muturi. Sasa Aprili wewe unakuja na sufuria, mahindi umeenda kununua, ati tukure. Mkono ilikataa. Si wewe tulikataa. Ni mkono ilikataa kuchukua."

"Hata mimi," Pasta Khisa akasema, bila kuinua kichwa. "Sikufungua mlango."

"Ndio tukasema wacha tumrishe kwanza. Kama atakubari chakura yetu, ndio na sisi tutaweza kukura yake."

Wacera aligeuza kichwa kuangalia barabara. Mlango ulikuwa nyuma yake, wazi, na barua ilikuwa bado mkononi. Haya sasa hayakuwa maneno ya kukosea kusoma. Angeweza kutoka, na hakuna mtu angemlaumu.

"Uriwajua," akasema.

"Niliwajua."

"Na urinyamaza."

"Nilinyamaza."

Mama Derrick aliingia jikoni, akatoka na sahani moja, akamletea mpaka pale mlangoni. Ugali, mchuzi, paja la kuku, na juu ya yote firigisi. Kwa Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamume, na mwanamke huiona tu ikipita kwenda kwake. Miaka yote ile Wacera aliiona ikipita pia. Hakuwahi kuona imesimama mbele ya mwanamke. Akina baba wote walikuwa wakitazama, na hakuna aliyenung'unika.

Vidole vyake vikaenda vyenyewe, kwa mazoea. Aliishika firigisi ili aikate, ampe mwenzake nusu. Mama Derrick akamkamata kifundo cha mkono.

"Hii haigawanywi. Kura peke yako. Sisi tutakuangaria."

Akala. Alikula amesimama, machozi yakimteremka hadi kwenye mchuzi, na kila tonge lilikuwa gumu kuliko lililotangulia. Sikuambii kwamba alisamehe. Mambo yale hayamezwi siku moja, na kulikuwa na vijana kadhaa ambao majina yao yalikuwa bado hayajatajwa, na yangelazimika kutajwa. Lakini alimaliza sahani. Kisha akatafuta kitu cha kupangusia mafuta, akakuta ile barua mkononi, akajipangusia kwayo vidole vyote kumi, kimoja kimoja, akaikunja na kuiweka kwenye sahani pamoja na mifupa.

Ndipo akaketi, si kwenye benchi la mlangoni bali lile la katikati.

"Jumapiri ya kwanza ya Jurai," akasema, "naleta ire sufuria kubwa."

"Ulete," Pasta Khisa akasema haraka.

"Mtakura?"

"Tutakura!" kanisa likaitikia, hata watoto.

Lakini Wacera hakuwa akiliuliza kanisa. Alikuwa akimtazama Mama Derrick, aliyesimama na sahani ya mifupa mkononi, asijue aipeleke wapi.

"Utaanza wewe," akamwambia. "Na mimi nitakuangaria."