Mama Mkwe Juu ya Gari la Kijani

Kinyozi alikuwa ameisubiri safari ile tangu timu yake ya taifa ilipofuzu mashindano. Tiketi zilikuwa mbili, yake na ya mkewe, na walipanga kushinda siku nzima wakizurura katika mji mwenyeji, kisha jioni waingie uwanjani wameshikana mikono kama wachumba. Wiki yenyewe ilipofika, kazini kwa mke likizo zote zikafutwa. Mke alilia kidogo, akapangusa machozi, akatoa uamuzi ambao kinyozi hakuthubutu kuupinga: tiketi yake apewe mama.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa na wanawake wenye uchungu na waume zao waliozimia. Tangu aoe, mazungumzo ya kinyozi na mama huyu hayakuwahi kuvuka shikamoo na marahaba. Mama akiingia sebuleni, kinyozi alikumbuka jambo la kufanya uani. Sasa walisafiri bega kwa bega ndani ya basi, wote wawili wakitazama nje kupitia dirisha moja.

Mke alikuwa ametoa maagizo. Mama ana goti bovu. Asitembezwe, asipigwe na jua, apelekwe moja kwa moja nyumba ya wageni akapumzike mpaka saa ya mechi. Kinyozi aliapa.

Lakini mama alipokiona chumba, kitanda chake chembamba na feni iliyozunguka kwa kusitasita, aliuliza kwa upole kama wamesafiri mwendo wote ule kuja kutazama dari. Kinyozi akamkumbusha habari za goti. Mama akamjibu kwamba goti ni lake, na wameshakubaliana.

Wakatoka. Mama alitangulia ndani ya gauni lake la kijani kibichi, kinyozi nyuma yake na jezi ya bluu na viatu vipya alivyonunua kwa ajili ya safari, ambavyo tangu njia panda ya kwanza vilianza kumtafuna visigino. Mji ulikuwa umepagawa. Bendera zilining'inia kwenye baraza za ghorofa pamoja na nguo za kufuliwa. Duka la dawa lilikuwa likiuza tarumbeta. Mlinzi wa benki alikuwa amejipaka rangi za timu mashavuni, huku uso wenyewe umenuna kama kazi yake inavyotaka. Wageni waliopotea walimwendea mama, kwa kuwa alionekana mtu wa kujua mambo, na yeye akawaelekeza wote bila kusita, huyu kulia, yule kushoto.

"Mama, si na sisi tumefika leo?" kinyozi akathubutu.

"Ulimwona yule baba alivyokuwa amesimama? Sasa angalau anatembea."

Walipofika kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya mji, visigino vya kinyozi vilikuwa vimekwisha. Akamwomba mama akae kwenye benchi, asiondoke, yeye akimbilie plasta mara moja. Aliporudi, benchi lilikuwa na njiwa wawili tu.

Yaliyotokea alikuja kusimuliwa baadaye. Benchi lilikuwa juani. Karibu yake palisimama gari la wazi lililofungwa nyuma ya trekta, limepambwa kwa kitambaa cha kijani, na juu yake kiti kikubwa chini ya mwavuli. Mama aliona kwamba wenyeji wa mji ule wana adabu, wamewafikiria wazee. Kijana mmoja akampa mkono, mama akapanda, akaketi. Kumbe lilikuwa gari la mashabiki wa timu pinzani, waliokuwa wakimsubiri bibi mmoja maarufu wa kwao, shabiki wa miaka mingi ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Walichoambiwa ni kwamba atakuja amevaa kijani. Ngoma zikalia, trekta likaondoka. Watu wakampungia mama mikono, na yeye, ambaye hakulelewa kuacha salamu bila jibu, akawapungia.

Kinyozi alikuwa akichungulia chini ya mabenchi kama mtu aliyepoteza ufunguo, simu ikaita. Mkewe.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala?"

"Usingizi mzito. Sitaki kumwamsha."

"Basi naomba uniambie ni nani huyu ninayemwona kwenye televisheni, juu ya gari, anapungia watu mikono."

Kinyozi akainua macho. Kwenye skrini kubwa ya uwanja ule, yenye ukubwa wa nyumba, alikuwapo mama mkwe wake, anatabasamu, na bendera ya wapinzani imemfunika magoti.

Akakata simu akakimbia. Baada ya hatua chache akavua viatu, akavishika mkononi, akajitosa miguu mitupu katika bahari ya kijani, bluu peke yake. Walimzomea, wakamcheka, mmoja akampa pole kabla ya mechi kuanza. Karibu na gari askari akamzuia.

"Afande, yule pale ni mama mkwe wangu."

Askari akaitazama jezi, akaitazama miguu, akamtazama mama aliyekaa kama malkia. Uso wake ukalegea. "Hata mimi ninaye," akasema. "Pita."

Mama alipomwona hakushtuka hata kidogo. "Vaa viatu, mwanangu, watu wanatutazama. Halafu panda."

Akapandishwa juu kwa mikono mingi, akafungwa bendera ya kijani shingoni, akapunga. Angefanya nini? Wateja wake wote wa saluni walikuwa mbele ya televisheni. Kwenye lango la uwanja wa mpira wakamkuta bibi mwenyewe, mikono kiunoni, amefura. Mama akamsogelea akamshika mkono, akamketisha pembeni yake, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, hawakuweza kugombana.

Mechi ilikuwa ngumu. Dakika za mwisho kabisa bluu wakapata bao, na kinyozi akaruka akipiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Aliposhuka alimkuta mama ameshika kichwa, machozi yanamtiririka.

"Watoto wa watu wamekimbia vile," akasema, "halafu iwe hivi?"

Kinyozi akakaa. Alijaribu kuhuzunika, mdomo ukakataa, ukabaki unacheka peke yake. Akatoa leso akampa, akamwambia kwamba mpira ndivyo ulivyo, sasa waende zao.

Mama akakataa katakata. Wale watu wamembeba, wamempa maji na kivuli. Hawezi kuondoka bila kuwapa pole, na wala haendi peke yake.

Hivyo basi kinyozi, siku ya ushindi mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona, akapita safu kwa safu nyuma ya mama mkwe wake, na jezi yake ya bluu, akipeana mikono na walioshindwa na kuwaambia pole kwa lugha wasiyoijua. Katika safu ya tatu jitu moja lenye ngoma lilimkumbatia, likamlilia begani kwa kwikwi. Kinyozi akalipigapiga mgongo. Aliposikia mtu wa pili akilia, alidhani ni mama, akageuka kumtafuta, ndipo akatambua kwamba sauti ile ilikuwa ikimtoka yeye mwenyewe.