Mtumiaji wa Mwisho, Mnara wa Kemambo

Kwenye mfumo wetu kila mnara wa simu unaandikwa hali mbili: kwanza, upo au umeondolewa, pili, unafanya kazi au haufanyi. Hizo mbili hazichanganywi, na mimi ndiye ninayegombana na wenzangu wanaozichanganya, maana mnara unaweza kuwepo na umezimika. Ila huu wa Kemambo ulinitoa ofisini nikiwa na hasira. Umeondolewa, unafanya kazi, na una mtumiaji mmoja. Upuuzi gani huu? Vyuma vyenyewe vilishabebwa na lori.

Nilikuta zege tupu, mbuzi wamelala juu yake. Nyumba iliyo jirani ni ya Mama Scholastica, ambaye mwanawe Matiko alianguka kutoka juu ya mnara huo na kufa siku unafunguliwa vyuma vyake. Nikampa shikamoo, nikasema natoka kampuni ya simu. Hakuitikia, alikuwa na simu sikioni.

"Anaongea na Matiko," alisema mkamwana wake, Elieth, mjamzito wa kujifungua wakati wowote.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka nipo Tarime. Huku kijana akifa bila mke, mama yake anaweza kutoa ng'ombe wa mahari na kumwolea mke kwa jina lake, na watoto watakaozaliwa wakaitwa wa marehemu. Elieth aliletwa baada ya mazishi. Mumewe hakuwahi kumwona.

"Mwanzoni alikuwa anamsalimia mama tu," alininong'oneza. "Sasa ananitaka mimi. Anasema nimfuate na mtoto wake, eti huko aliko ni baridi. Mama ameshanifungia nguo zangu. Dada, izime hiyo kitu!"

Kweli, furushi lilikuwa mlangoni. Nikatoa kishikwambi, nikabonyeza Funga, nikitegemea kiandike Imefungwa. Kikaandika Inafungwa. Hali hiyo naijua vizuri: mtumiaji mpya haingii, lakini aliyemo anaachwa amalize mazungumzo yake.

"Mama, kata simu," nilisema. "Ukikata, hataweza kupiga tena."

"Nimkatie mwanangu? Wewe umezaa?"

Akaweka sauti ya nje ili nisikie mwenyewe. Ilikuwa sauti ya kijana, safi kupita simu yoyote niliyowahi kupokea. Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma, na pale uani hata jani halikutikisika.

"Mama, mlete. Mbona anachelewa?"

Elieth akapiga magoti ameshika tumbo. Maji yalikuwa yanamtiririka miguuni. "Anakuja," alilia. "Mama, anakuja!"

"Nani anakuja?" sauti iliuliza.

Niliogopa sana, siwezi kuficha. Mama Scholastica alimtazama mkamwana wake pale chini, kisha akatazama furushi alilolifunga kwa mikono yake.

"Ni mtoto, mura, kijana wangu," alimjibu taratibu. "Anakuja kwangu. Wewe lala."

"Mama, usikate. Mama..."

Akakata.

Kishikwambi kikaandika Imefungwa, haina mtumiaji. Mama Scholastica akakaa chini kwenye vumbi, akapiga yowe la msiba, yowe ambalo nilikuja kuambiwa hakulipiga hata siku wanamzika mwanawe. Nilikuwa nimemshika Elieth mgongo wakati majirani walipoingia mbio uani, wakiuliza nani amekufa.

"Mume wangu," Elieth aliwajibu.